Mkasi Usioonekana na Homa ya Nguruwe

Mfugaji akiamka asubuhi akamkuta nguruwe mmoja amekufa, na mwingine amejikunja pembeni hataki chakula, masikio na tumbo vimegeuka rangi vikawa vyekundu, hapana budi ajiulize swali moja kabla ya mengine yote: huu ni ugonjwa gani? Jibu lake si rahisi. Homa ya Nguruwe ya Afrika huonekana hivyo. Ugonjwa wa erisipela nao huonekana karibu hivyo hivyo katika siku za kwanza. Hata daktari wa mifugo mwenye uzoefu wa miaka mingi hawezi kuapa kwa kutazama kwa macho tu.

Tofauti yake ni kubwa mno. Erisipela hupona kwa sindano za penisilini ikiwahiwa mapema. Homa ya Afrika haina dawa popote duniani, na nguruwe waliopatwa na aina yake kali hufa karibu wote. Basi mfugaji akikisia vibaya, ama atamaliza fedha zake kwa penisilini isiyofaa kitu huku ugonjwa ukienea kijiji kizima, ama atawauza haraka haraka, kwa bei ya kutupa, wanyama ambao wangepona. Jambo la pili ndilo linaloleta msiba zaidi, kwa sababu wale wanaouzwa kwa hofu mara nyingi ndio wagonjwa, nao huupeleka ugonjwa sokoni, na kutoka sokoni hadi kwa watu wasiojua lolote.

Kwa hiyo yafaa wasomaji wetu wajue habari za njia mpya ya kupima ambayo wataalamu wa nchi mbalimbali wamekuwa wakiitengeneza tangu mwaka 2017. Njia hii hutumia kimeng'enya kinachokata. Ni kitu kidogo sana, hakionekani hata kwa darubini ya kawaida, lakini kazi yake yaweza kuelezwa kwa maneno mepesi, na mkulima ye yote aweza kuifahamu.

UGONJWA ULIOANDIKWA KWANZA KENYA

Kwanza tumjue adui mwenyewe. Homa hii iliandikwa kwa mara ya kwanza hapa Kenya. Daktari wa mifugo R. Eustace Montgomery aliichunguza katika nguruwe wa walowezi waliokuwa wakifa kwa wingi tangu karibu mwaka 1910, akaieleza katika maandiko aliyoyatoa mwaka 1921. Alionyesha kwamba haikuwa homa ya nguruwe iliyojulikana Ulaya, ingawa zilifanana sana. Nguruwe walioletwa kutoka ng'ambo walikufa, bali ngiri wa porini walikuwa na virusi hivyo mwilini wala hawakuugua.

Sababu ni kwamba ngiri na virusi hivi wamezoeana tangu zamani. Katikati yao yuko papasi, yule kupe laini akaaye ndani ya mashimo ya ngiri na katika nyufa za sakafu na kuta. Papasi humnyonya mtoto wa ngiri shimoni, akachukua virusi, akavitunza mwilini mwake kwa muda mrefu, kisha akamwuma mwingine. Nguruwe wa kufugwa akiumwa na papasi huyo, moto umewaka. Kuanzia hapo papasi hahitajiwi tena. Virusi hupita kwa damu, mate, kinyesi, viatu, ndoo, gari la mnunuzi, na zaidi ya yote kwa mabaki ya nyama ya nguruwe yanayotupwa ndani ya chakula cha nguruwe wengine.

Ni kwa njia ya mabaki hayo ugonjwa ulivuka bahari. Mwaka 1957 uliingia Ureno. Mwaka 2007 ulionekana Georgia, ukaendelea hadi Urusi na Ulaya. Mwezi wa Agosti 2018 uliingia China, nchi yenye nguruwe wengi kuliko zote, ukaangamiza idadi ambayo mtu hawezi kuisawiri akilini. Hapa kwetu haukuondoka kamwe. Mtu haambukizwi homa hii, wala hapati ugonjwa kwa kugusa au kula, na jambo hilo tulirudie kwa kuwa uvumi wake haufi. Lakini huweza kufanya mtu awe maskini kwa muda wa wiki mbili.

KIMENG'ENYA NI NINI

Katika tumbo lako mna vimeng'enya vinavyovunja ugali na nyama unayokula. Kila kimeng'enya kina kazi yake moja. Viko vinavyovunja wanga, viko vinavyovunja mafuta, na viko vinavyokata uzi uitwao DNA. Uzi huu ndio kitabu cha maagizo ya kila chenye uhai, cha mhindi, cha ng'ombe, cha mtu, na cha vijidudu pia. Maandishi yake yana herufi nne tu, ambazo wataalamu huziita A, T, G na C. Virusi vya Homa ya Nguruwe ya Afrika vina kitabu chenye herufi kati ya 170,000 na 190,000. Kwa virusi, hicho ni kitabu kinene.

Sasa, bakteria nao huugua. Viko virusi vinavyowashambulia bakteria na kuwapasua, kama vile virusi vingine vinavyotushambulia sisi na mifugo yetu. Katika mwaka 1987 wataalamu wa Osaka, Japani, waliona katika DNA ya bakteria mmoja maneno yaliyojirudia kwa utaratibu wa ajabu, wasijue maana yake. Mwaka 2007 wataalamu wa kampuni ya Danisco, waliokuwa wakishughulika na bakteria wagandishao maziwa kuwa mtindi, walithibitisha kazi yake. Bakteria akinusurika na shambulio, hukata kipande cha DNA ya adui, akakihifadhi katika kitabu chake mwenyewe kama mtu anayetundika ukutani picha ya mwizi. Adui yule akirudi, bakteria hunakili ile picha, akampa kimeng'enya kinachokata, nacho huzunguka nayo kikitafuta anayefanana. Kikimpata, humkata vipande viwili. Utaratibu huu wote wataalamu huuita CRISPR, nasi twaweza kutamka krispa.

Mkulima aliyewahi kuona mbwa wa polisi akinusishwa kiatu cha mwizi amekwisha kufahamu nusu ya habari. Mbwa ni kimeng'enya. Kiatu ni kipande kifupi cha uzi wa RNA, ndugu yake DNA, kilichoandikwa herufi zipatazo 20 zinazolingana na neno moja katika kitabu cha adui. Uzuri ni kwamba wataalamu waweza kumnusisha mbwa yule kiatu wakitakacho wenyewe. Leo wamnusisha cha homa ya nguruwe, kesho cha ugonjwa mwingine. Na herufi 20 si chache kama zinavyodhaniwa. Kwa herufi nne tu, neno la herufi 20 laweza kuandikwa kwa njia zaidi ya milioni moja mara milioni moja, hivyo ni vigumu kulikuta kwa bahati tu mahali pasipolipasa.

WAZIMU WENYE MANUFAA

Kimeng'enya kinachotumiwa sana katika vipimo vya namna hii huitwa Cas12a. Kina tabia moja ambayo vingine vingi havina, na tabia hiyo ndiyo iliyoleta kipimo. Kikisha kulipata neno lake na kulikata, hakitulii. Hupandwa na wazimu, kikaanza kukata kila uzi mmoja mmoja wa DNA ulio karibu nacho, hata usiohusika kabisa na adui. Wataalamu wa Marekani waliieleza tabia hiyo mwaka 2018. Mwaka mmoja kabla, wenzao walikuwa wamekwisha kufanya kipimo kwa kimeng'enya jamaa yake, Cas13, ambacho hukata RNA.

Wazimu huo waweza kufungwa nira ukafanya kazi. Fikiri taa ndogo iliyofungiwa kifuniko cheusi kwa uzi mwembamba. Mwanga hauonekani. Uzi ukikatwa, kifuniko huanguka na taa huonekana. Wataalamu hutengeneza nyuzi fupi za DNA za namna hiyo, upande mmoja una rangi ing'aayo na upande wa pili una kitu kinachoizima. Huziweka kwa maelfu ya mamilioni ndani ya kichupa pamoja na Cas12a. Kisha hutia maji yaliyotoka katika damu ya nguruwe. Ikiwa virusi havimo, kimeng'enya hutafuta, hakipati, na kichupa hubaki giza. Ikiwa vimo, neno hupatikana, wazimu huanza, nyuzi hukatwa, na kichupa hung'aa kikimulikwa kwa taa maalumu ya buluu. Njia nyingine ni kutumbukiza kijikaratasi kinachotoa mistari, kama kile cha kupimia mimba.

Msomaji mwangalifu atauliza: tone la damu laweza kuwa na virusi vichache tu, je, mkasi utaviona? Kwa kweli peke yake hauvioni vizuri. Kwa sababu hiyo lile neno hunakiliwa kwanza, likawa mengi sana. Njia ya kunakili iliyozoeleka katika maabara ni PCR, iliyobuniwa na Kary Mullis wa Marekani mwaka 1983. PCR huchemsha na kupoza, huchemsha na kupoza, kutoka digrii 95 hadi 60 hivi na kurudi, na kila mzunguko huongeza nakala maradufu. Mizunguko 30 hufanya nakala moja izidi milioni elfu moja. Ni kazi nzuri sana, lakini yahitaji mashine ya bei kubwa, umeme usiokatika na mtu aliyefundishwa. Vipimo vya Cas12a hutumia mara nyingi njia nyingine ya kunakili, ambayo hukaa katika joto moja tu la digrii 37 hadi 42. Digrii 37 ni joto la mwili wa mtu. Kisanduku chenye betri chaweza kutunza joto hilo. Jibu hupatikana kwa muda wa saa moja hivi.

Wataalamu wa China walitangaza kipimo cha Cas12a cha Homa ya Nguruwe ya Afrika mwaka 2019, mmoja tu baada ya ugonjwa kuingia kwao. Hawakukawia, kwa kuwa haja iliwabana. Neno walilolitafuta wengi wao liko katika jeni iitwayo B646L, inayotengeneza ganda la virusi, kwa sababu sehemu hiyo haibadiliki sana.

Neno hilo "sana" lina uzito kwetu. Virusi vilivyozunguka Georgia, Urusi na China ni vya kundi la pili. Vilivyopatikana zaidi Kenya na Uganda ni vya makundi ya tisa na ya kumi. Kama kiatu kilichonusishwa mbwa kilichukuliwa kwa mwizi wa China, yafaa kwanza kuhakikisha kwamba mwizi wa Busia ana harufu ile ile. Herufi moja au mbili zikitofautiana mahali pabaya, kimeng'enya chaweza kupita bila kuona. Hili si jambo la kudharau, wala si la kukatisha tamaa. Ni kazi ya kusoma virusi vya hapa herufi kwa herufi na kuandika neno linalofaa. Habari hii hii yahusu chanjo vilevile, kwani chanjo zilizoruhusiwa Vietnam tangu mwaka 2022 zilitengenezwa juu ya virusi vya kundi la pili.

Wakulima wa mahindi nao wana sehemu yao katika habari hii. Mwezi wa Septemba 2011 mahindi ya Bomet yalianza kukauka kutoka majani ya juu, na ndipo ugonjwa hatari wa mahindi ulipojulikana Kenya. Husababishwa na virusi viwili vinavyosaidiana, na kimoja chaweza kuchukuliwa ndani ya mbegu. Virusi hivi maandishi yake ni RNA, si DNA. Cas12a haisomi RNA ya namna hiyo, basi hapana budi kimeng'enya kingine kitangulie kuinakili iwe DNA. Hatua ni moja zaidi, lakini mambo yanayofuata ni yale yale, na vipimo vya namna hiyo vimekwisha kutengenezwa kwa virusi vya mahindi pia. Faida yake kwa mtu anayekagua magunia ya mbegu mpakani haihitaji maelezo mengi.

MAMBO YA KUANGALIA

Kuna watu watakaotaka kuuza njia hii kama uganga. Usiwasikilize. Kipimo hiki bado ni chombo cha wataalamu, si kitu cha kununuliwa na mfugaji kwenye duka la dawa za mifugo na kutumiwa zizini. Kipimo kinachotegemewa kuthibitisha ugonjwa ni kile cha maabara, yaani PCR, ambacho Shirika la Afya ya Wanyama Duniani limekikubali.

Zipo sababu. Damu yenyewe ina vitu vinavyoweza kuzuia kunakili, kwa hiyo hapana budi isafishwe au ichemshwe kidogo kwanza. Vimeng'enya huharibika kwa joto visipokaushwa vizuri au kutunzwa baridi, na katika gari lililoegeshwa juani joto si haba. Tena, neno likisha kunakiliwa mara milioni elfu, tone dogo likirukia meza au kidole laweza kuingia katika kichupa cha nguruwe mwingine mzima, nacho kikang'aa kwa uongo. Kwa sababu hii mpimaji hodari hupima daima vichupa viwili vya ziada. Kimoja kina DNA ya virusi inayojulikana, nacho sharti king'ae. Kingine kina maji safi, nacho sharti kibaki giza. Maji safi yaking'aa, matokeo yote ya siku ile hutupwa, hata kama mwenye nguruwe ameketi akingoja. Ukiona mtu anapima bila vichupa hivyo viwili, una haki ya kumwuliza.

Ukweli mwingine ni huu. Nguruwe aliyeambukizwa jana aweza kuwa hana virusi vya kutosha katika damu yake leo. Kwa kawaida dalili hutokea baada ya siku 4 hadi 19. Kwa hiyo kichupa kikibaki giza mara moja, hilo si ruhusa ya kumpeleka sokoni nguruwe aliyekuwa zizi moja na aliyekufa.

Manufaa makubwa tunayoyaona ni ya saa zile za kwanza. Daktari wa Mifugo akiwa na kisanduku kama hiki katika pikipiki yake, aweza kupata dalili ya ukweli akiwa bado shambani, akamwambia mwenye mali "funga lango sasa" ama "tujaribu penisilini," huku damu ikipelekwa maabara kuthibitishwa. Siku mbili au tatu za kungoja jibu ndizo siku ambazo nguruwe huuzwa usiku.

Wakati huo bado haujafika kila mahali, na ugonjwa haungoji. Ukiona nguruwe ana homa kali, hataki kula, wenzake wamejazana pamoja, ngozi ya masikio na tumbo imekuwa nyekundu au ya zambarau, anatapika au anaharisha damu, ama nguruwe jike ametupa mimba, usipasue mzoga kutafuta sababu. Damu itakayomwagika ni hatari kuliko mzoga mzima, kwa kuwa virusi hukaa hai ndani yake kwa muda mrefu. Usiuze, usichinje, usigawie majirani nyama. Mwite Daktari wa Mifugo wa kaunti yako. Huu ni ugonjwa ambao sheria ya magonjwa ya mifugo, Sura ya 364, yadai utolewe habari, na yeye ndiye ajuaye namna ya kuchukua damu na kuifikisha maabara, kwa mfano ile ya Kabete, ikiwa bado inafaa kupimwa.

Akija, mwambie ukweli wote. Mwambie ulinunua wapi nguruwe wa mwisho na lini, nani aliingia zizini, gari gani lilipita, na kama uliwapa mabaki ya hoteli. Habari hizo hakuna kimeng'enya kiwezacho kuzitoa katika damu. Asipowahi kufika siku ile ile, weka ndoo ya maji yenye dawa ya kuua vijidudu mlangoni pa zizi, acha viatu vya zizini pale pale, na asiingie mtu mwingine ila yule anayewalisha. Mabaki ya jikoni, kama huna budi kuyatumia, yachemshe kwa saa nzima huku ukiyakoroga, kisha yapoe kabla ya kuwapa, wala usitumie kwa chakula kilichopikwa ile ndoo iliyobeba kibichi.